Kwenda Wild Wadi na mtoto mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wild Wadi ni bustani ya michezo ya maji iliyofunguliwa mwaka 1999 Jumeirah, Dubai, ubavuni mwa Burj Al Arab. Kila likizo ya shule ikikaribia, ndugu na jamaa wanaokuja kututembelea kutoka Mombasa, Unguja, Tanga, Dar na Nairobi huuliza maswali yaleyale, na sisi tunaoishi huku tunajibu kila mmoja kivyake. Nimeyakusanya hapa. Majibu ni ya mwenye mtoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi miaka sita hivi. Mengi yanafaa pia bustani nyingine za maji, iwe Abu Dhabi, iwe Kunduchi ya Dar.

Nitasema mapema ninaposimama: mtoto mdogo akiwa majini, yule anayemwangalia hana kazi nyingine yoyote. Majibu mengi hapa chini yanatokana na hilo.

Mwanangu ana miaka mitatu. Atafaidi chochote au tutapoteza pesa?

Atafaidi, lakini usiulize umri, uliza urefu. Wild Wadi kipimo kinachohesabika ni mita 1.1. Aliye chini ya hapo tiketi yake ni ya bei ndogo, na mitelezo mikubwa haimhusu. Kwa jedwali la ukuaji la Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani ana sentimita 87 hivi akitimiza miaka miwili, 96 akiwa na mitatu, na hufika sentimita 110 kwenye miaka mitano. Kwa hiyo wako wa miaka mitatu ataishi sehemu ya watoto, yenye jahazi la Juha na maji ya kina kifupi, na ataupanda mto wa kuelea akiwa nawe. Kwake hiyo ni siku nzima na zaidi.

Mpime nyumbani, peku, kisigino ukutani, kabla hujakata tiketi. Langoni atapimwa peku vilevile, kwa hiyo viatu vyenye soli nene na nywele zilizofungwa juu havitasaidia kitu.

Amepungukiwa na sentimita mbili tu. Hawawezi kumwachia?

Hawawezi, na wakikukatalia usibishane nao. Mtelezo huundwa kwa kuhesabu uzito na urefu wa anayepita. Mtoto mwepesi anaweza kukwama katikati, na anayemfuata anakuja kwa kasi asimwone. Au anarushwa kwenye kona, kwa sababu kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na shingo yake haijawa na nguvu ya kukituliza. Kisha kuna suala la kutii: kwenye mtelezo wa kasi unatakiwa ukunje mikono kifuani, uvuke miguu, ukae hivyo hadi mwisho. Wa miaka minne akishtuka atatawanya mikono au atajaribu kukaa. Na chini kabisa kuna bwawa la kutulia ambalo kwako ni maji ya kiunoni, kwake yanapita pua.

Ukitaka kuona kasi tunayoizungumzia, simama chini ya Jumeirah Sceirah. Ni mnara wa zaidi ya mita 30. Mtu anasimama ndani ya kibanda cha kioo, sakafu inafunguka chini ya nyayo zake, anateremka kwa kasi inayofika kilomita 80 kwa saa.

Kwa mtoto mdogo, kuna bustani nyingine bora kuliko Wild Wadi?

Nikijibu bila kupepesa: kama mtoto wako ni wa miaka miwili hadi minne, na watu wazima hamna hamu ya mitelezo mikubwa, Legoland Water Park ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ilifunguliwa mwaka 2017 na imelenga watoto wa miaka 2 hadi 12. Mle ndani kuna mto ambao mtoto anajipambia chelezo chake kwa matofali laini anayoyaokota majini. Kasoro yake ni umbali: iko upande wa Jebel Ali, karibu na barabara ya kwendea Abu Dhabi, na nauli ya teksi kutoka Deira, mjini Dubai kwenyewe, itawauma.

Aquaventure, iliyoko Palm, kile kisiwa cha kutengenezwa, kwenye hoteli ya Atlantis tangu 2008, ni kubwa mno. Ukubwa huo ni raha kwa vijana, lakini mwenye mtoto mgongoni atatembea hadi achoke. Ina sehemu nzuri za watoto, ila utalipia vitu vingi usivyovigusa.

Yas Waterworld ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2013, naipenda kwa kisa chake. Bustani yote inamfuata binti wa Kiimarati anayeitwa Dana, anayetafuta lulu iliyopotea. Kisa hicho kina mizizi halisi: kabla ya mafuta, watu wa Ghuba waliishi kwa kuzamia lulu, mpaka biashara hiyo ilipoanguka miaka ya 1930 baada ya lulu za kufugwa za Japani kujaa sokoni. Wana uwanja wa wadogo kabisa unaoitwa Tot's Playground, na ngome ya maji ya wakubwa kidogo, Marah Fortress.

Wild Wadi inashinda kwa kitu kimoja ambacho mwenye mtoto atakithamini: si kubwa. Kutoka sehemu ya watoto hadi chooni, hadi kwenye chakula, hadi kwenye kabati la vitu vyenu, ni mwendo mfupi.

Huyo Juha ni nani?

Ni mtu wa hadithi za Kiarabu, mjanja anayejifanya mjinga, au mjinga anayeishia kuwa mjanja. Bustani imejengwa kana kwamba ni mahali alipofikia baada ya safari ya baharini: majabali, mitende, jahazi, maji yanayochuruzika kila upande.

Watoto wetu wanamjua bila kujua kwamba wanamjua, kwa maana visa vingi vya Juha kwetu Afrika Mashariki husimuliwa kwa jina la Abunuwasi. Ile sufuria aliyoiazima, akairudisha na kisufuria kidogo akidai imezaa, kisha mara ya pili akasema imekufa, Waarabu wanaisimulia kwa Juha. Msimulie mtoto usiku wa kuamkia safari. Akifika akaambiwa hili ni jahazi la Juha, atapanda kama mgeni aliyealikwa. Na jahazi lenyewe si geni kwetu: vyombo vya Ghuba vilishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji, vikarudi na kusi vimebeba boriti za mikoko za kuezekea nyumba za huku. Bibi akiwa naye kwenye safari, mwachie yeye sehemu hiyo ya kusimulia.

Twende mwezi gani, siku gani, saa ngapi?

Mwezi: Novemba hadi Machi kwa hali ya hewa. Juni hadi Septemba joto linapita nyuzi 40, na ingawa maji yenyewe hupozwa, njia za kutembelea zinaunguza nyayo na hewa ya kivulini inachosha. Mtoto mdogo hapozi mwili kama wewe. Ikiwa likizo yenu ni Agosti na hamna jinsi, basi nendeni asubuhi tu.

Siku: Jumatatu hadi Alhamisi. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki hapa ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku, kwa hiyo msije na hesabu za zamani za Ijumaa na Jumamosi. Epukeni pia likizo za shule za huku, hasa nusu ya pili ya Desemba. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hubadilika. Angalieni kwanza kwenye ukurasa wa bustani yenyewe.

Saa: kwa kawaida milango hufunguliwa saa nne asubuhi. Fikeni kabla. Saa ya kwanza na ya pili ndizo za mtoto: maji yametulia, watu wachache, yeye hajachoka. Inapofika saa saba atataka chakula na usingizi, na jua linakuwa kali. Familia nyingi hulipa tiketi ya siku nzima kisha zinaona uchungu kuondoka mapema, zinamburura mtoto anayelia hadi saa kumi na moja. Siku ya mtoto wa miaka mitatu ni saa tatu au nne. Mkizipata hizo zikiwa nzuri, tiketi imelipa.

Tunafikaje bila gari?

Metro, njia nyekundu, shukeni Mall of the Emirates, kisha teksi ya muda mfupi. Mtoto wa chini ya miaka mitano hapandi kwa nauli kwenye metro, na kuna behewa la wanawake na watoto ambalo lina nafuu kubwa mkiwa na kigari. Mama anayesafiri peke yake akipenda anaweza kuita teksi ya paa la pinki. Dereva wake ni mwanamke.

Mimi navaa hijabu. Nitaruhusiwa kuingia majini?

Ndiyo, bila shida, mradi vazi ni la kuogelea: lile la mikono mirefu na suruali lenye kofia yake, la kitambaa kisichonyonya maji. Utawaona kina mama wengi wamevaa hivyo. Kinachokatazwa ni baibui, dera, kanga na nguo za pamba, na sababu si dharau. Kitambaa kirefu hunasa kwenye mtelezo, na kikilowa huwa mzigo unaokuvuta wakati unapomkimbilia mtoto. Pini za mtandio ziache kabatini, na hereni na bangili za mtoto pia.

Na mtoto avae nini?

Nguo ya kuogelea ya mikono mirefu inayokinga jua, kofia, na viatu vya maji vya mpira kwa ajili ya kutembelea, maana sakafu hupata moto.

Rangi ni jambo ambalo wengi hawalifikirii dukani. Sakafu za mabwawa ni za samawati au nyeupe. Mtoto mwenye nguo ya samawati akizama nusu mita tu chini ya maji yanayocheza, macho yako yanampita. Nunua ya rangi ya chungwa au pinki kali, ile inayopiga kelele. Ijaribu kwenye beseni au bwawa la jengo lenu: itumbukize, tikisa maji, rudi nyuma hatua kumi, uone kama bado unaiona.

Bado anavaa pampasi. Itakuwaje?

Pampasi ya kawaida haifai. Inanyonya maji hadi inavimba kama mto, inapasuka, na ute wake unamwagika bwawani. Anahitaji pampasi za kuogelea, na juu yake chupi ya kuogelea inayobana miguuni. Zinauzwa kwenye maduka makubwa yote ya huku, na huwa bei nafuu kuliko za langoni.

Lakini elewa kazi yake. Pampasi ya kuogelea inazuia choo kigumu kisielee. Haizuii mkojo, wala haizuii vijidudu vya kuhara. Ikague kila saa moja, na umbadilishie chumba cha kubadilishia, si ukingoni mwa bwawa. Ikiwa mtoto ameharisha siku hiyo au juzi yake, msiende, hata kama tiketi imeshalipwa. Kuna kijidudu kinachoitwa kriptosporidiamu ambacho kinaweza kuishi siku kadhaa ndani ya maji yenye klorini. Mtoto mmoja anatosha kuwaambukiza wengi, kwa kuwa watoto wote humeza maji wakicheza. Aliyepimwa akakutwa nacho akae mbali na mabwawa wiki mbili baada ya kuhara kukoma.

Na ile harufu kali ya dawa inayochoma macho mara nyingi si ya klorini nyingi. Ni klorini iliyokutana na mkojo na jasho. Mpeleke chooni mara kwa mara, na mwoge kwanza kabla ya kuingia.

Nimnunulie maboya ya mkononi?

Usinunue. Yale ya kupuliza yanachomoka, yanatoboka, na mabaya zaidi yanamfanya mtoto aamini anaelea mwenyewe. Siku hana, anaruka vilevile. Achana pia na boya la mtoto lenye umbo la bata analokaa ndani: likipinduka, miguu inabaki juu na kichwa chini.

Mvalishe laifujaketi. Bustani kubwa huwaazima wageni. Chagua saizi ya uzito wake, funga vifungo vyote pamoja na kamba ya katikati ya miguu, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Rudisha uchukue jingine. Na hata akiwa nalo, mkono wako uwe unamfikia.

Kila bwawa lina waokoaji. Kwa nini na mimi nilowe?

Hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko yote.

Kuzama hakufanani na tunavyokuona kwenye sinema. Mtoto anayezama hapigi kelele, hapungi mikono. Mdomo unakwenda chini na kurudi juu ya maji, na kila unaporudi anavuta hewa tu. Hana pumzi ya kuita. Mikono inasukuma maji pembeni kama anayejaribu kupanda ngazi. Kwa mtu wa mbali anaonekana anacheza. Ndani ya dakika moja inaweza kuwa imekwisha, na kwa mtoto mdogo hayahitajiki maji mengi: kina kinachofunika pua na mdomo wake aliyeanguka kifudifudi kinatosha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kati ya mwaka mmoja na minne, kuzama ni sababu ya nne ya vifo duniani.

Mwokoaji ana bwawa zima la kuangalia na watu wengi ndani yake. Wewe una mmoja. Yeye ni wa kumwokoa aliyekwisha kuzama. Wewe ndiye wa kuhakikisha hazami. Kwa hiyo asiyejua kuogelea sawasawa awe ndani ya umbali wa mkono wa mtu mzima, muda wote, hata kwenye maji ya magotini.

Mkiwa wengi, hatari inaongezeka badala ya kupungua. Baba anadhani mama anaangalia, mama anadhani shangazi, shangazi anapiga picha. Wekeni zamu inayosemwa kwa mdomo. "Nimempokea" na "nakukabidhi", kama askari wa lindo. Dakika kumi na tano kila mmoja, na mwenye zamu hana simu mkononi. Simu ikae kabatini. Hapo ndipo penye heri nayo.

Tunaye dada wa kazi. Si anaweza kumwangalia yeye tukienda kwenye mitelezo?

Anajua kuogelea? Muulize kwa upole na umpe nafasi ya kusema hapana, kwa sababu wengi huona haya kumkatalia mwajiri. Kama hajui, kumwachia mtoto majini ni kumwonea yeye na mtoto pamoja: likitokea jambo atajitosa, na watakuwa wawili. Kama anajua, aingie na nguo za kuogelea na awe na zamu yake kama wengine, na mapumziko yake, na zamu yake ya kuteleza pia akipenda.

Naweza kuteleza naye nikiwa nimempakata?

Kwenye mtelezo wa watoto hiyo inaonekana ndiyo njia salama, na kumbe ndiyo inayovunja miguu. Madaktari wa mifupa wanaifahamu sana ajali hii, tangu kwenye mitelezo ya viwanja vya shule. Mtoto aliye mapajani mwako anapitisha mguu pembeni, soli ya mpira inashika ukingo, mguu unabaki nyuma. Angekuwa peke yake, angesimama tu, kwa sababu ni mwepesi. Lakini uzito wako unaendelea kwenda, na mfupa wa muundi unapinda hadi unavunjika. Mwache ateleze mwenyewe kwenye ule mdogo unaomfaa, peku, wewe ukimsubiri chini majini. Kama mtelezo unamtisha kiasi cha kutaka kupakatwa, basi bado si wake.

Boya la watu wawili ambalo bustani yenyewe imeliruhusu kwa urefu wake ni jambo jingine. Hapo fuata maelekezo yao.

Bwawa la mawimbi je? Na mto wa kuelea?

Mto wa kuelea, Juha's Journey, ni raha ya mtoto na mzazi. Mkalishe mbele yako ndani ya boya, laifujaketi amevaa, mkono wako mmoja kifuani kwake. Shukeni na kupanda pale penye ngazi tu.

Bwawa la mawimbi, Breaker's Bay, kaeni ukingoni kabisa pale maji yanapofia, kama mnavyokaa pwani. Mawimbi yakianza, mtoto wa sentimita 90 anaangushwa na wimbi ambalo wewe hulihisi, na maji yakirudi yanamvuta. Umshike mkononi, si kumwangalia kutoka kwenye kiti. Mfundishe pia asikae juu ya matundu ya kutolea maji wala asilaze kichwa hapo, hasa mwenye nywele ndefu: yanavuta kwa nguvu.

Jua na baridi?

Vyote viwili, siku hiyohiyo.

Weusi wa ngozi unapunguza kuungua, hauzuii. Losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi ipakwe robo saa kabla ya kutoka, kisha kila saa mbili na kila mnapotoka majini. Masikio, shingo na juu ya nyayo husahaulika. Mtoto wa chini ya miezi sita hapakwi, anakaa kivulini. Maji ya kunywa kila baada ya muda mfupi. Akicheza majini hajui kama ana kiu.

Baridi huwashangaza wageni. Januari hapa mchana ni nyuzi 24 hivi, na upepo ukivuma juu ya mwili uliolowa mtoto anatetemeka hata kama maji yenyewe yamepashwa moto. Midomo ikibadilika rangi, mtoeni, mkausheni, mvalisheni nguo kavu, mpeni kitu cha moto. Taulo lenye kofia lina faida kuliko mataulo mawili ya kawaida.

Tubebe chakula?

Chakula cha nje kwa kawaida hakiruhusiwi, ila cha mtoto mchanga hupitishwa. Chupa ya uji wa lishe na ndizi mbivu vitampeleka mbali kuliko chipsi za mle ndani. Ninyi wazima kunyweni chai nzito kabla ya kutoka nyumbani.

Nina mimba. Niende?

Nenda, ila mitelezo yote hukatazwa kwa mjamzito, na bwawa la mawimbi liache. Maji ya kina kifupi na kivuli vinakutosha. Uwe na mtu mzima mwingine wa kukimbia nyuma ya mtoto; usiende naye peke yako.

Nywele zake zitaharibika?

Klorini hukausha nywele zetu haraka. Zilowesheni kwanza kwa maji safi ya bomba, kisha pakeni mafuta ya nazi kidogo na mzisuke twende kilioni za kubana kichwani. Nywele iliyokwisha kunywa maji safi hainywi sana ya bwawani. Shanga za nywele zitoeni zote. Mkitoka, ziosheni siku hiyohiyo, msingoje kesho.

Naruhusiwa kupiga picha na kuziweka mtandaoni?

Za mtoto wako, ndiyo. Lakini sheria za Falme za Kiarabu zinalinda sana faragha, na kumpiga mtu picha bila idhini yake na kuisambaza ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani. Bwawani watu wamo na nguo za kuogelea. Kabla hujaweka picha yoyote, kagua nyuma: kama kuna mama wa watu au mtoto wa watu, ikate au iache.

Akipotea?

Mpige picha moja asubuhi mlangoni, mwili mzima, na nguo alizovaa. Mvalishe mkanda wa mkononi wenye namba ya simu ya huku, si ya nyumbani, na jina lako, si lake. Mwambie: akiwa hatuoni, asimame hapohapo, amtafute mtu mwenye sare. Ukiona hayupo, angalia kwanza ndani ya maji, bwawa la karibu kabisa, kabla ya choo na duka la aiskrimu, huku mwenzako akimwambia mwokoaji.

Amemeza maji anakohoa. Na akizama kweli?

Akikohoa kidogo, akapumua, akarudi kucheza, hakuna shaka. Ikiwa kikohozi hakiishi, anahema kwa kasi, anatapika, au analegea na kusinzia kusiko kwa kawaida, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, msingoje mwone asubuhi.

Akitolewa majini hapumui, pazeni sauti kumwita mwokoaji hapohapo. Wamefunzwa na vifaa wanavyo. Kuna tulichokizoea pwani kwetu: kumshika mtoto miguu, kumning'iniza kichwa chini na kumkamua tumbo maji yatoke. Tafadhali msifanye. Kinachomuua ni kukosa hewa, na kila sekunde ya kumning'iniza ni sekunde asiyopata hewa. Alazwe chali mahali pagumu, apuliziwe pumzi kwanza, kisha kifua kibonyezwe. Namba ya gari la wagonjwa ni 998. Kozi ya huduma ya kwanza inachukua siku moja, na Msalaba Mwekundu wa Kenya na wa Tanzania wanaifundisha; ifanyeni kabla ya safari.

Tumefika, tumelipa, na mtoto amegoma kabisa kuingia majini.

Hutokea sana, na mara nyingi chanzo ni ndoo. Kwenye majengo ya watoto huwa kuna ndoo kubwa juu, inajaa taratibu, inayumba, kengele inalia, kisha maji yote yanaporomoka kwa kishindo na watoto wakubwa wanapiga mayowe. Kwa wa miaka miwili hiyo ni radi. Msogezeni mbali na kishindo, kaeni ukingoni mahali maji hayafiki kifundo cha mguu, mpeni kikombe ajaze na kumwaga. Usimbebe kwa nguvu kumtumbukiza, na usimruhusu mjomba afanye hivyo kwa utani. Mtoto aliyetumbukizwa anaweza kuukataa hata ufuo wa nyumbani kwa miezi. Wengi husogea wenyewe baada ya nusu saa wakiona wenzao. Asiposogea, baba ateleze zamu yake, mama zamu yake, na yeye aendelee na kikombe chake.